Ken Aston: Refa aliyeokota kadi nyekundu kwenye mataa ya London

Kila wikiendi, kuanzia viwanja vikubwa vya Ulaya hadi vya vumbi huku kwetu, kuna sekunde moja ambayo shabiki hahitaji mtangazaji wala mkalimani. Refa anapuliza filimbi, anapeleka mkono mfukoni, anauinua juu. Ikiwa ni njano, mchezaji anatikisa kichwa na mechi inaendelea. Ikiwa ni nyekundu, jamaa amekula umeme, safari ya vyumbani imeanza. Mzee aliyekaa jukwaani ameelewa, na mtoto anayechungulia kwenye runinga ya jirani naye ameelewa.

Zamani haikuwa hivyo. Kabla ya mwaka 1970, Kombe la Dunia lilichezwa bila kadi. Onyo lilikuwepo na kutolewa nje kulikuwepo, tena tangu enzi za babu zetu, lakini refa alitoa adhabu kwa mdomo, akaandika jina kwenye kijitabu chake, basi. Aliyekuwa mbali hakujua kilichotokea. Wakati mwingine hata mwenye kosa mwenyewe hakujua.

Aliyebadilisha mambo hayo ni mwalimu wa shule kutoka Ilford, mashariki mwa London, Kenneth George Aston. Alikuwa refa mkubwa wa enzi zake, aliyefika hadi fainali ya Kombe la FA. Lakini jina lake linatajwa zaidi kwa sababu ya mechi iliyomshinda.

MWALIMU, MWANAJESHI, REFA

Aston alizaliwa Septemba 1, 1915 katika mji wa Colchester, Essex. Alisomea ualimu katika chuo cha St Luke's kilichopo Exeter, na mwaka 1936, akiwa na umri wa miaka 21 tu, tayari alikuwa amefuzu uamuzi wa soka.

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipoanza, alitaka kuingia jeshi la anga, lakini kifundo cha mguu kilichowahi kuumia kikamnyima nafasi. Akaenda kwenye mizinga, kisha akahamishiwa jeshi la Waingereza nchini India. Alimaliza vita akiwa na cheo cha luteni kanali, na alifanya kazi katika mahakama ya uhalifu wa kivita huko Changi, Singapore. Kwa hiyo aliporudi viwanjani mwaka 1946 hakuwa kijana wa kutishwa na kelele za jukwaani.

Aliporudi tu, akaanza kubadilisha vitu vidogo ambavyo wengine hawakuvijali. Cha kwanza kilikuwa mavazi. Aston ndiye refa wa kwanza wa ligi ya England kuvaa sare nyeusi yenye urembo mweupe, ile ambayo kwa miongo mingi baadaye ikawa sare ya marefa duniani kote. Ukiona picha za zamani za marefa waliovaa nyeusi tupu na ukosi mweupe, chanzo chake ni huyu bwana.

Cha pili kilikuwa vibendera. Wakati ule washika vibendera wa England walipewa vibendera vya rangi za timu mwenyeji. Kama timu ilivaa rangi iliyofifia, basi na kibendera kilififia. Sasa fikiria ukungu wa London wa miaka hiyo, refa yupo katikati ya uwanja, msaidizi wake amenyanyua kitambaa ambacho hakionekani hata kwa mita 30. Mwaka 1947 Aston akaleta vibendera vya njano inayong'aa. Kinaonekana kwenye ukungu, kwenye mvua na jioni ya giza.

Ukitazama vizuri, utaona vitu hivyo viwili vina wazo moja. Aston aliamini kuwa uamuzi usioonekana ni nusu ya uamuzi. Ila ilibidi yamkute makubwa ndipo wazo hilo lifike mbali zaidi.

KUPANDA NGAZI

Mwaka 1953 aliteuliwa kuwa mwalimu mkuu wa shule ya Newbury Park huko Ilford. Siku za kazi alikuwa na wanafunzi, Jumamosi alikuwa na kina baba wazima wenye njumu. Septemba 1960 alipewa mechi ya marudiano ya Kombe la Mabara, la kwanza kabisa kuchezwa, kati ya Real Madrid na Penarol ya Uruguay. Madrid ilishinda mabao 5-1 na ikaondoka na kombe.

Miaka miwili baadaye akapanda ndege kwenda Chile kwenye Kombe la Dunia. Alikuwa na miaka 46 na alihesabiwa miongoni mwa marefa wazoefu pale. Wakampa mechi ya ufunguzi ya wenyeji dhidi ya Uswisi, Mei 30, 1962. Chile ilishinda 3-1 na refa hakuwa na tatizo. Siku tatu baadaye akapewa mechi nyingine ya wenyeji, safari hii dhidi ya Italia.

VITA VYA SANTIAGO

Mechi hiyo ya Juni 2 iliharibika kabla ya kuanza. Miaka miwili nyuma Chile ilikuwa imepigwa na tetemeko kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa duniani, na wananchi walijinyima ili mashindano yafanyike kwao. Waandishi wawili wa Italia wakaandika makala za kuuponda mji wa Santiago, wakiuita wa kimaskini na kuwasema vibaya hata wanawake wake. Magazeti ya Chile yakayachapisha maneno hayo. Waandishi wale walilazimika kuondoka nchini, lakini wachezaji wa Italia walibaki, na ndio walioingia uwanjani mbele ya watu zaidi ya 60,000 wenye hasira.

Rafu ya kwanza ilichezwa sekunde ya 12. Kabla hata robo saa haijaisha, Giorgio Ferrini wa Italia akatolewa nje kwa kulipiza kisasi. Akagoma. Aston hakujua Kiitaliano cha kubishana naye, na Ferrini hakuwa na haja ya kuelewa Kiingereza. Dakika zikapita mechi imesimama, mpaka polisi wakaingia na kumtoa kwa nguvu.

Kutoka hapo palichimbika. Leonel Sanchez, winga wa Chile ambaye baba yake alikuwa bondia, alirushiwa mateke na Mario David wakati yupo chini, akainuka na kumtandika Muitaliano huyo ngumi iliyomwangusha. Hakutolewa. Dakika chache baadaye David akalipa kwa teke la juu lililomfikia Sanchez eneo la kichwani, na yeye akatolewa. Italia ikabaki na watu tisa. Humberto Maschio naye alivunjwa pua kwa ngumi ya Sanchez huyohuyo, na bado Sanchez akaendelea kucheza. Polisi waliingia uwanjani zaidi ya mara moja. Chile ikafunga mawili kipindi cha pili kupitia Jaime Ramirez na Jorge Toro, ikashinda 2-0.

Waitaliano hawajasahau hadi leo, na wana hoja. Sanchez alistahili kutoka mapema. Badala yake alimaliza mashindano akiwa mmoja wa wafungaji bora kwa mabao manne, na Chile ikachukua nafasi ya tatu. Aston alijitetea baadaye kwamba washika vibendera wake hawakumpa msaada, na kwamba siku ile alijiona kama msimamizi wa mazoezi ya kijeshi kuliko refa wa mpira. Utetezi huo una ukweli ndani yake. Lakini mwenye filimbi ni mmoja, na lawama zilimwangukia yeye.

Kilichoongeza uchungu ni televisheni. Wakati ule mechi za Chile hazikuweza kuonyeshwa moja kwa moja Ulaya. Filamu zilisafirishwa kwa ndege na watu wa Uingereza wakazitazama siku chache baadaye. BBC ilipoonyesha mechi hiyo, mtangazaji David Coleman aliitambulisha kwa maneno makali, akiwaonya watazamaji kwamba wanakwenda kuona aibu ambayo soka halijawahi kuiona. Nyumbani kwao Aston, watu wakamwona mwalimu mkuu wa Ilford akihangaika katikati ya kundi la wanaume wanaorushiana ngumi, mikono ikipepea hewani, hakuna anayemsikiliza.

Hakuchezesha tena mechi ya Kombe la Dunia. England haikumtupa, kwani mwaka uliofuata alipewa fainali ya Kombe la FA pale Wembley, Manchester United ikiifunga Leicester City 3-1. Baada ya hapo akatundika filimbi na kuingia kwenye Kamati ya Waamuzi ya FIFA, ambako alikaa miaka minane, minne kati ya hiyo akiwa mwenyekiti.

RATTIN NA NDUGU WAWILI

Mwaka 1966 Kombe la Dunia likaja England, na msimamizi wa marefa wote alikuwa Ken Aston. Safari hii aliketi pembeni, lakini balaa lilimfuata hukohuko.

Julai 23, robo fainali, England dhidi ya Argentina. Refa alikuwa Rudolf Kreitlein wa Ujerumani Magharibi, mtu mfupi ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa ushonaji. Nahodha wa Argentina, Antonio Rattin, alikuwa pande la mtu. Rattin alikuwa akimfuata refa kila mara akidai mkalimani. Kreitlein hakujua Kihispania, Rattin hakujua Kijerumani. Dakika ya 35 refa akachoka, akamtoa nje.

Rattin akagoma kutoka. Wenzake wakamzunguka refa, mechi ikasimama kwa dakika nyingi, na ilibidi Aston ashuke mwenyewe hadi uwanjani kusaidia kumshawishi nahodha huyo atoke. Kwa mtu aliyekuwa Santiago, ilikuwa kama kuona sinema ileile kwa mara ya pili. Rattin alipokubali, akaenda kukaa kwenye zulia jekundu la Malkia kabla ya kuondoka. England ilishinda 1-0 kwa bao la Geoff Hurst.

Kioja kingine kilikuja baada ya mechi. Ilibainika kuwa ndugu wawili wa England, Bobby na Jack Charlton, nao walikuwa wameonywa. Magazeti yaliandika, lakini uwanjani haikueleweka. Kocha Alf Ramsey ilibidi awaulize FIFA ili apate uhakika. Yaani mechi imechezwa Wembley mbele ya dunia nzima, imeonyeshwa kwenye televisheni, na kocha wa timu mwenyeji hajui nani kaandikwa!

Hapo Aston akaona tatizo lote. Ferrini, Rattin na kina Charlton walikuwa na kesi tofauti, lakini zote ziliangukia shimo moja: uamuzi ulibaki kati ya refa na mchezaji, kwa lugha ambayo mmoja wao haielewi.

Akitafakari hayo, alikuwa akiendesha gari kupitia Kensington High Street jijini London. Akafika kwenye mataa. Njano ikawaka: punguza, kuwa makini. Nyekundu ikawaka: simama, hakuna mjadala. Dereva wa taifa lolote anaelewa. Hapohapo, akiwa nyuma ya usukani, Aston akapata jibu alilolitafuta tangu Santiago.

Inasimuliwa kwamba alipofika nyumbani alimweleza mkewe, Hilda. Mama huyo hakusema mengi. Aliingia chumba kingine, akarudi na vipande viwili vya karatasi ngumu, kimoja cha njano na kingine chekundu, vilivyokatwa kwa kipimo cha kutosha mfuko wa shati la refa.

MEXICO 1970

Kadi ziliingia rasmi kwenye Kombe la Dunia la Mexico. Mei 31, 1970, mechi ya ufunguzi kati ya wenyeji na Urusi ya Kisovieti, refa Kurt Tschenscher wa Ujerumani Magharibi akainua kadi ya njano. Kakhi Asatiani akaingia kwenye historia kama mmoja wa wachezaji wa kwanza kulimwa kadi katika Kombe la Dunia. Fainali hizo ndizo za kwanza kurushwa kwa rangi, ingawa watazamaji wengi bado walikuwa na televisheni za nyeusi na nyeupe. Nao hawakupitwa. Mkono ukishapanda juu, hata asiyeona rangi anajua kuna mtu kaingia matatani.

Mashindano yote ya mwaka huo yaliisha bila kadi nyekundu hata moja. Ya kwanza ilisubiri hadi Juni 14, 1974, Berlin Magharibi, pale refa Dogan Babacan wa Uturuki alipomtoa Carlos Caszely kwa kumchezea rafu Berti Vogts wa Ujerumani Magharibi. Caszely alitoka nchi gani? Chile, nchi ileile ambako Aston aliachwa akipepea mikono. Tofauti na Ferrini, Caszely hakuhitaji polisi.

Aston hakuishia kwenye kadi. Mwaka 1966 aliweka utaratibu wa kuwa na refa wa akiba, endapo wa kati akiumia, na hapo ndipo ilipoanzia kazi ya mwamuzi wa nne tunayemwona leo kando ya benchi. Mwaka 1974 akaleta kibao cha namba za wachezaji wanaotoka na kuingia. Mashine za taa za siku hizi ni watoto wa kibao kile. Lengo ni lilelile, kwamba aliye jukwaa la mbali kabisa ajue kinachoendelea bila kumuuliza jirani.

KADI NA MWENYE KADI

Si kila mtu alifurahi, na hata kwao ilichukua muda. Ligi ya England ilianza kutumia kadi Oktoba 1976. Lakini mwaka 1981 wakubwa wa soka wa nchi hiyo wakaziondoa, wakilalamika kwamba marefa wamegeuka waigizaji, kila dakika mkono uko juu. Zikarudishwa mwaka 1987.

Lawama hiyo haikuwa ya bure, maana bado ipo hadi leo. Kila shabiki anamjua refa wa aina hiyo, anayechomoa kadi kwa mbwembwe kana kwamba viingilio vimelipwa kumwona yeye. Na anamjua wa aina ya pili, anayejificha: kosa kaliona, kadi anayo, lakini mkono unakuwa mzito kwa sababu jezi ni ya timu kubwa. Kadi haiwezi kumpa refa macho wala moyo. Kama Aston angekuwa nayo Santiago, Ferrini angeelewa mapema, sawa. Lakini Sanchez? Ngumi ambayo refa hajaiona, au haijachukuliwa hatua, haina kadi.

Kilichobadilika ni kwamba refa hana tena pa kujificha. Akiinua kadi, ameweka saini mbele ya uwanja mzima. Asipoinua, uwanja mzima unajua hakuinua. Zamani angeweza kumnong'oneza mchezaji neno na watu wakaondoka bila kujua alimfanya nini. Watu wanasema kadi ilitengenezwa kumbana mchezaji, lakini inambana refa vilevile.

WATOTO WA CALIFORNIA

Baada ya kazi za FIFA, Aston angeweza kukaa nyumbani na kula pensheni. Badala yake alirudi kwenye ualimu, tena mbali na nyumbani. Huko Torrance, California, mwaka 1964 kilianzishwa chama cha soka la watoto kiitwacho AYSO, na kikakua hadi kuwa na watoto wengi kote Marekani. Chama hicho kinaendeshwa na watu wa kujitolea. Marefa wake wengi ni wazazi, watu ambao hawajawahi kucheza mpira wa miguu, waliolelewa na besiboli na mpira wa kikapu, wanapewa filimbi kwa sababu tu mtoto wao yupo kwenye timu.

Kwa miaka mingi Aston alikuwa mkufunzi wao. Mtu aliyesimamia marefa wa Kombe la Dunia mara tatu alisimama mbele ya mama na baba wa watoto wa miaka minane, akiwafundisha mahali pa kusimama, jinsi ya kupuliza filimbi, na namna ya kuinua mkono ili mtoto aelewe bila kuogopa. Alipenda kuufananisha mpira na mchezo wa kuigiza jukwaani, ambapo refa ndiye mwongozaji. Kazi yake ni kuhakikisha waigizaji wanafanya vizuri na watazamaji wanafurahi, si yeye kupigiwa makofi.

Na huko kwenye soka la watoto ndiko alikosisitiza kuwa furaha ya mchezo inakuja kwanza, sheria zipo kuilinda. Mtu aliyeupa mpira kadi nyekundu hakuwa na hamu ya kuiona ikitumika ovyo.

Mwaka 1997 alitunukiwa nishani ya MBE nchini Uingereza. Oktoba 23, 2001 akafariki dunia akiwa na miaka 86.

Kadi zake zimevuka mipaka ya soka. Mpira wa wavu, magongo na raga vyote vina kadi zao. Kwa Kiswahili zimeingia hadi kwenye siasa, ambako mgombea aliyekataliwa na wapiga kura huambiwa ameonyeshwa kadi nyekundu, na kila msikilizaji anaelewa bila kufafanuliwa.

Na mtaani, watoto wakicheza chandimu, aliyepewa urefa hutafuta kipande cha boksi, akakikata na kukitia mfukoni. Hajamsikia Ken Aston wala Hilda. Lakini akikitoa na kukiinua juu, yule mkorofi wa timu, hata kama ni mkubwa kwa umbo kuliko refa, ananuna, anapiga teke vumbi, halafu anatoka.